Umri Aliopewa Joyness

Joyness alikuwa mrefu. Wanawake wa upande wa mama yake wote ni warefu, na yeye alipofika darasa la sita pale Kishanda, wilayani Muleba, alikuwa tayari amempita mwalimu wake wa hisabati. Wageni wakimwona njiani na ndoo ya maji kichwani walimsalimia kama mke wa mtu. Urefu huo ulimponza, ingawa haukumponza peke yake.

Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo. Mama yake, Kokwijuka, alibaki na kibanja cha migomba na kahawa ambacho ndugu wa mume walikuwa wakikimega polepole, leo mpaka huu, kesho ule. Joyness alipokuwa na miaka kumi na mitatu alikuja mwanamke kutoka mjini kutafuta msichana wa kazi. Aliitwa Evelyne. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, amejenga na mumewe Kitendaguro, Bukoba, na ana kibanda cha vitenge sokoni. Aliongea na Kokwijuka kwa Kihaya kwa adabu, kila neno akilimalizia kwa "waitu" ya heshima, akala ndizi na maharage aliyopikiwa, akamaliza.

"Huyu ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na mitatu," Kokwijuka akajibu. "Usimwone urefu. Bado ni mtoto."

"Atakaa kwangu kama mdogo wangu. Mtoto wangu akishasimama imara, tutamrudisha shule."

Huenda Evelyne alisema hivyo kwa moyo mweupe. Watu wengi husema hivyo kwa moyo mweupe.

Kazi Kitendaguro haikuwa mbaya kuliko ya nyumbani. Joyness alifua, alimenya ndizi, alifagia uwanja. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la Derick, na kuanzia hapo watu wakamwita Evelyne Mama Derick. Derick alipoachishwa kubebwa na mama yake mchana, alihamia mgongoni kwa Joyness. Alikuwa mtoto mzito, mwenye kucheka ovyo. Alipoanza kusema hakuweza kutamka Joyness, akawa anaita "Oy". Aliita hivyo tangu asubuhi mpaka anapolala, na Joyness aliitika kila mara.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2019 mvua zilinyesha sana. Byabato, baba yake Derick, alikuwa anachimbisha shimo la choo kipya nyuma ya nyumba. Mafundi walipoona maji yanajaa waliacha kazi, wakafunika shimo kwa bati mbili na jiwe moja, wakasema watarudi jua likitoka. Mchana mmoja Derick alilala. Joyness akavuta mlango wa nyuma, akaenda kwa jirani kununua mkaa. Akiwa huko mvua ikaanza. Akasubiri kwenye baraza ipungue, kwa sababu mkaa ukilowa hauwaki.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Alizunguka nyumba akiita. Bati moja lilikuwa limeinama upande. Joyness aliruka ndani ya shimo, maji yakamfika kifuani, akapapasa kwa miguu mpaka akamgusa. Majirani waliokuja walimkuta amekaa kwenye tope, amempakata mtoto, anaitika. "Abee," alikuwa akisema. "Abee." Hakuna aliyekuwa akimwita.

Kituoni, polisi walichukua maelezo jioni ile ile. Askari aliwageukia wazazi.

"Huyu msichana wenu ana umri gani?"

"Kumi na tisa," Byabato akasema.

Evelyne alikuwa amekaa sakafuni, kanga imemfunika uso. Alisikia. Joyness naye alisikia. Hakuwahi kubishana na Baba Derick hata kuhusu chumvi kwenye mboga, na siku hiyo hakuona kama ana haki ya kubisha lolote. Mtu mwenye nyumba amesema kumi na tisa, askari ameandika kumi na tisa. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Alikaa mahabusu pamoja na wanawake wazima mpaka kesi iliposikilizwa, mwaka 2021. Shtaka lilikuwa kuua bila kukusudia. Wakili aliyepewa na serikali alimkuta kwenye korido ya mahakama asubuhi ya kesi yenyewe, akiwa na majalada mengine kwapani.

"Ulimwacha mtoto peke yake?"

"Ndiyo."

"Basi ukikubali kosa watakuhurumia. Ukibisha, utakaa mahabusu miaka mingine."

Ndani, shtaka lilisomwa, kisha hakimu akamtazama binti aliyesimama kizimbani, mrefu kuliko askari aliyemlinda. Akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," Joyness akasema. Mtoto amekufa, yeye ndiye aliyekuwa akimlea. Hakuona ni sehemu gani si kweli.

Alifungwa miaka kumi.

Kokwijuka alikuwa nje. Alikuwa ametoka Kishanda alfajiri, akauliza watu wawili watatu mpaka akafika. Kiswahili chake ni cha kubahatisha, hasa akiwa na hofu, na pale mlangoni alishindwa kumweleza askari kwa haraka yeye ni nani. Aliambiwa akae kwenye benchi asubiri kuitwa. Akakaa. Alipomwona mwanawe anatolewa kwa mlango mwingine akipelekwa kwenye gari alidhani yamekwisha, wanakwenda nyumbani, akainuka kulifuata.

Kuhusu miaka ya gerezani Joyness hasimulii sana, na si kwamba anaficha. Ukimuuliza anafikiri, anatafuta, halafu anasema walilima bustani, walisuka ukili, chakula kilikuwa ugali na maharage. Wenzake walikuwa wakilia usiku katika miezi ya mwanzo, yeye hakulia. Mfungwa mmoja mtu mzima, mwanamke wa Muleba aliyeitwa Edvina, alimchukua kama mwanawe, akawa anamsuka nywele zinapofikia kusukika na kumpigia soga. Siku moja alimuuliza, "Wewe mtoto, huna hasira na mtu yeyote?"

Joyness alijipekua. Hakukuta kitu. Alijibu, "Sijui, mama," na Edvina akaendelea kusuka.

Mwaka 2023 walikuja watu wa msaada wa kisheria pamoja na afisa ustawi wa jamii. Walikuwa wanapita magerezani kutafuta watoto waliofungwa kama watu wazima. Sheria ya mtoto ipo, inasema mtoto asipewe kifungo cha jela. Lakini sheria haijui sura ya mtu, na mahali ambapo mtu hana cheti cha kuzaliwa, umri wake ni ule aliotajiwa. Wakili wa kundi hilo, mzee kidogo, mwembamba, aliitwa Rutaihwa. Hakumuuliza Joyness umri wake.

"Mdogo wangu, shule uliishia darasa la ngapi?"

"La sita."

"Ukaenda kufanya kazi mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na nane. Sikurudi shule Januari."

Rutaihwa alihesabu miaka kwa vidole. "Ulianza shule mkubwa? Ulirudia madarasa?"

"Hapana. Nilikuwa sawa na wenzangu, nilikuwa mrefu tu."

Wiki iliyofuata alikwenda Kishanda. Kokwijuka alimwambia mtoto wake alizaliwa mwaka mmoja kabla ya mnyauko kuingia kwenye migomba, na kila mkulima wa Muleba anajua mwaka huo kama anavyojua jina lake. Aliapa mbele ya kamishna wa viapo. Lakini Rutaihwa alijua serikali itasema mama yeyote atampunguzia mwanawe miaka. Akapanda Kitendaguro.

Evelyne alimkaribisha mpaka aliposikia ametumwa na nani. Hapo alisimama. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, aliyezaliwa baada ya Derick.

"Ondoka, waitu," alisema. "Nakuheshimu, lakini ondoka."

Rutaihwa aliaga, akaacha namba ya simu juu ya meza. Hakurudi, wala hakutuma mtu. Miezi ikapita. Kisha simu ikaita akiwa ofisini.

"Ni mimi wa Kitendaguro," sauti ilisema. "Nilimuuliza mama yake umri siku ile ninamchukua. Aliniambia kumi na mitatu. Nilijua, na mume wangu alijua. Niambie niende wapi kusema."

Byabato alihama chumba mke wake alipotoa kiapo hicho. Alisema Evelyne anamuuza mtoto wake aliye kaburini. Pengine aliogopa pia habari ya shimo, maana sasa watu wangeuliza nani aliliacha. Hakuna aliyemfungulia kesi, na mpaka leo hajalizungumza.

Rufaa ilisikilizwa mbele ya majaji watatu mwaka 2024. Wakili wa serikali mwenyewe alisimama akasema hapingi. Majaji walisema binti alikuwa mtoto siku ya tukio na alikuwa bado mtoto siku ya hukumu, kwamba hakuna aliyejishughulisha kuthibitisha umri wake, kwamba alikiri kosa bila mzazi wala afisa ustawi kuwa karibu naye. Wakafuta mwenendo wote na kifungo. Walisoma kwa Kiingereza, na Rutaihwa alimtafsiria kwa sauti ya chini. Alipomaliza alisubiri binti aseme kitu.

"Kwa hiyo ninarudi lini kule?" Joyness akauliza.

"Hurudi. Unakwenda kwenu."

"Sawa."

Mama yake alimletea gauni jipya. Alikuwa amelishonesha kwa kumbukumbu. Lilimbana mabegani na kuishia juu ya magoti, na Kokwijuka alipoona hivyo akaanza kulia kwa sauti pale pale nje ya mahakama, akilivuta pindo chini kwa mikono miwili kana kwamba kitambaa kinaweza kuongezeka. Joyness alimtazama. Alitaka kumfariji. Alijua maneno yanayosemwa, lakini yalibaki maneno tu. Akavaa kanga ya mama yake juu ya gauni, wakaenda kupanda gari.

Kishanda walimpokea kwa nderemo. Walichinja jogoo, wakaomba, mzee wa kanisa akashukuru. Joyness alikula kila alichopewa. Siku za baadaye alilima, alichuma kahawa, alianika, alikwenda kanisani Jumapili na kurudi. Kaka yake, Joackim, alikuwa ameoa na kupata mtoto. Siku moja mke wake alitaka kutwanga, akamwekea Joyness mtoto mapajani bila kufikiri. Joyness hakumshika. Mikono yake ilibaki kando, imenyooka kwenye mkeka. Mtoto akateleza kidogo, akashikilia gauni lake, akajiegemeza mwenyewe. Wifi yake alipogeuka aliona uso wa Joyness, akaja haraka kumchukua mtoto. Kuanzia siku hiyo mtoto alikuwa akipewa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata Rutaihwa alipiga simu. Kulikuwa na warsha Bukoba, ya mahakimu, polisi na maafisa ustawi. Walitaka kukubaliana namna mpya ya kushughulika na watoto wanaoshtakiwa: umri uchunguzwe kabla ya shtaka kusomwa, mzazi atafutwe, jela isiwe jambo la kufikiriwa. Aliuliza kama angependa kuja kusema maneno machache. "Si lazima," aliongeza. "Kweli kabisa, si lazima."

"Nitakuja," Joyness alisema. Ilikuwa rahisi kukubali kuliko kutafuta sababu.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, chupa ya maji mbele ya kila mtu. Walizungumza kwa muda mrefu, Kiswahili na Kiingereza vikiingiliana. Alipoitwa alisimama, akakuta hana la kusema. Mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akiongoza kikao, alimsaidia.

"Binti yetu, ulijisikiaje uliposikia unafungwa miaka kumi?"

Joyness alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Sikujisikia," alisema. "Nilidhani ndivyo ilivyo. Mtoto alikufa."

Mama yule alishusha miwani, akaipandisha tena. Hakimu mmoja kijana, Mutalemwa, alinyoosha mkono kutoka nyuma kabisa.

"Samahani, dada. Kama ungekuwa na nafasi, siku ile ungetaka sisi wa mahakama tukuulize nini?"

Hapo Joyness alijibu upesi, mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

"Mngeniuliza mama yangu yuko wapi. Alikuwa nje kwenye benchi."

Mutalemwa aliandika. Wengine nao wakaandika. Joyness alikaa, akanywa maji. Walipotoka kwa chai, watu walimshika mkono mmoja baada ya mwingine, mama yule wa miwani akamkumbatia kwa nguvu. Alinukia sabuni nzuri. Joyness alisubiri amwachie.

Evelyne alikuwa amemtumia salamu kupitia Rutaihwa kwamba akifika Bukoba apite. Basi jioni ile alipanda Kitendaguro. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi nyingine. Nyuma, mahali pa shimo, palikuwa pamefukiwa na kupandwa migomba, nayo ilikuwa imezaa. Evelyne alimkaribisha kiti, akamletea chai, akakaa mbali kidogo. Amekonda.

"Umekua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nataka nikwambie ukweli, usije ukadhani mimi ni mtu mwema. Sikwenda kuapa kwa ajili yako. Nilikuwa nikilala, kila usiku nasikia baba yake anasema kumi na tisa, na mimi nipo chini, ninanyamaza. Nilichoka kusikia."

"Ndiyo, mama."

"Nikikuona wewe namwona yeye yuko mgongoni kwako. Sijui kama itaisha."

Joyness aliweka kikombe chini. "Mama Derick, walimzika wapi?"

Evelyne alimkazia macho. Ni kama hakuwahi kufikiri kwamba binti huyu hakujua. Wao walizika, wakaomboleza, wakamaliza tanga, wakanyoa. Yeye alikuwa ndani.

"Kagoma," alisema hatimaye. "Kwa baba mzazi wa Byabato. Mzee Buberwa. Nyumba iko chini ya barabara, ukishavuka mnada." Akajaza tena kikombe cha Joyness. "Nenda ukitaka. Sitakukataza. Nitampigia mzee."

Kesho yake gari la kwenda Muleba lilipofika njia panda ya Kagoma, Joyness hakushuka. Alitazama barabara ikipita. Alikwenda mwezi mmoja baadaye, siku ya mnada, akiwa amebeba maharage ya kuuza. Aliyauza kwanza. Kisha akafuata njia.

Mzee Buberwa alikuwa anapunguza majani ya mgomba. Alimjua bila kuambiwa. Alipokea salamu yake, akaweka mundu chini, akamwongoza katikati ya migomba mpaka kwenye makaburi ya ukoo. La Derick lilikuwa fupi, limezungushiwa mawe, na nyasi zilikuwa zimeanza kulimeza. Mzee akarudi nyuma hatua kadhaa, akamwacha.

Joyness alisimama. Alisubiri kitu kimjie. Njiani alikuwa ameogopa kwamba ataanguka, kwamba atapiga kelele kwenye kibanja cha watu. Hakuanguka. Aliona mawe, akaona sisimizi, akasikia redio kwa mbali mnadani. Akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi, kwa sababu zilikuwepo na mikono yake ilikuwa haina kazi. Aling'oa zote. Nyingine zilikuwa na mizizi mirefu, akachimbua kwa vidole. Alipomaliza kucha zake zilikuwa nyeusi, na pumzi yake ilikuwa inatoka kwa shida kidogo, kama ya mtu aliyepanda mlima. Hakujua kama hiyo ilikuwa ni kulia.

"Umefanya vizuri kuja," Mzee Buberwa alisema walipokuwa wakirudi uani. "Huyu mwanangu alisema uongo mbele ya serikali. Mimi sikuwepo, lakini ni damu yangu."

Joyness alisema, "Ndiyo, tata," kama baba anavyoitwa kwa Kihaya.

Mzee alimmiminia maji anawe. Kisha akakata mkungu wa ndizi, akaufunga kwa kamba ya mgomba, akamtwisha. Alikataa kusikia habari ya kukataa.

Alifika Kishanda jua likiwa bado lipo. Mama yake alimsaidia kuutua mkungu, akaugeuza, akaukagua. Ulikuwa umekomaa.

"Umenunua?"

"Nimepewa. Kagoma, kwa babu yake Derick."

Kokwijuka aliweka kiganja juu ya ndizi. Halafu akachukua kisu, akakata chane ya kwanza, akavuta kigoda. Joyness naye akaleta kisu chake, akakaa kando yake, wakaanza kumenya.